Alilipwa kwa Vitabu vya Samaki

Mwezi Julai mwaka 1687, viongozi wa chama cha wanasayansi cha London walikaa kikao kuzungumzia deni. Karani wao alikuwa anadai mshahara wake, paundi 50, na hela hazikuwepo. Kilichokuwepo ni marundo ya kitabu kimoja kikubwa kuhusu samaki, kilichoandikwa kwa Kilatini, kimejaa picha nzuri ajabu, na hakinunuliki. Kikao kikapitisha: apewe nakala 50 za kitabu hicho, yawe ndiyo malipo yake.

Karani mwenyewe alikuwa Edmond Halley. Ndiyo, Halley yuleyule ambaye ile nyota yenye mkia, inayorudi kila baada ya miaka 76 hivi, inaitwa kwa jina lake. Na siku hizohizo ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusimamia uchapishaji wa Principia, kitabu cha Isaac Newton kilichobadilisha fizikia yote, na gharama za uchapaji alizibeba yeye mwenyewe. Yaani jamaa katoa hela zake kukileta duniani kitabu kikubwa kuliko vyote vya sayansi vya karne ile, halafu chama kikamlipa samaki. Tena si samaki wa kula.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kwa kweli kinachekesha. Lakini mimi nimekaa kwenye vikundi vya wasomaji kwa miaka sasa. Nimeona nani anabandika matangazo, nani anakimbizana na watu wa michango, nani analipia ukumbi kwa ahadi ya "tutarudishiana". Kwa hiyo nakisoma kisa cha Halley kwa jicho lingine. Nakisoma kama sura moja ya historia ndefu ya jinsi vyama vya watu wanaojitolea vinavyogeuka kuwa taasisi zenye ofisi, mishahara na mkurugenzi.

Wengi huisimulia historia hiyo kwa masikitiko: mwanzoni kulikuwa na mapenzi, hela zikaingia, mapenzi yakatoka. Nataka kubisha kidogo. Nikikitazama chama hiki cha London, naona kwamba kazi yake ya bure haikuwahi kuwa ya bure. Siku zote kulikuwa na mtu anayeilipia, na mara nyingi si yule mwenye uwezo.

Turudi mwanzo. Tarehe 28 Novemba 1660, baada ya mhadhara wa Christopher Wren katika chuo cha Gresham, watu 12 walibaki wakizungumza. Wakakubaliana kuanzisha chama cha kufanya majaribio na kujadili elimu ya maumbile. Watakutana kila wiki. Kiingilio kitakuwa shilingi 10, na ada shilingi 1 kwa wiki. (Shilingi hiyohiyo ambayo baadaye ilivuka bahari, ikaingia mifukoni mwetu, na mpaka leo ipo.) Mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili akawapa hati, na tangu hapo wanajulikana kama Royal Society. Mwaka uliofuata akawapa na siwa, kama ile ya bungeni. Hela hakuwapa.

Linganisha na Ufaransa. Huko, mwaka 1666, waziri Colbert alianzisha Akademia ya Sayansi ya Paris, na wanachama wake walilipwa na mfalme. Walikuwa wachache, walichaguliwa, na mfalme akitaka kazi fulani ifanywe, itafanywa. Wenzao wa London hawakuwa na bosi. Leo wangeweza kupima uzito wa hewa, kesho wakachungulia kiroboto kwa hadubini, keshokutwa wakasikiliza habari za nchi ya mbali. Uhuru huo ulikuwa mtamu, na sitaki kuudharau. Lakini tuulize: nani hasa alikuwa na nafasi ya kuufaidi?

Robert Boyle alikuwa nayo. Baba yake, Lodi wa Cork, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake. Mtu wa namna hiyo hujitolea bila wasiwasi, maana chakula cha jioni kipo tayari mezani. Shida ni kwamba majaribio hayajifanyi yenyewe. Lazima awepo mtu wa kufunga mabomba, kusugua vioo, kuziba panapovuja, na kuhakikisha Jumatano ikifika kuna kitu cha kuonyesha.

Mtu huyo akapatikana Novemba 1662. Anaitwa Robert Hooke, mtoto wa kasisi wa kawaida, na alikuwa fundi msaidizi wa Boyle. Chama kikamfanya msimamizi wa majaribio. Sharti lake lilikuwa hivi: kila kikao alete majaribio matatu au manne ya maana, na asitegemee malipo mpaka chama kitakapopata mfuko. Mtu yeyote aliyewahi kuambiwa "kwa sasa bajeti haijakaa vizuri, lakini tunathamini sana mchango wako" anaujua wimbo huu.

Baadaye kidogo mipango ya kumlipa ikafanywa. Sehemu kubwa ya pesa ilitakiwa kutoka kwa mfanyabiashara tajiri, Sir John Cutler, aliyeahidi paundi 50 kwa mwaka kwa ajili ya mihadhara ambayo Hooke angeitoa. Cutler akapata heshima ya kuitwa mfadhili. Kulipa, akaanza danadana. Hooke alilazimika kwenda mahakamani, na haki yake aliipata mwaka 1696, Cutler mwenyewe akiwa ameshakufa, na Hooke akiwa mzee wa miaka 61. Huyu ndiye mtu aliyetupa Micrographia mwaka 1665, kitabu kilichowaonyesha Waingereza jinsi kiroboto anavyofanana kwa karibu.

Wa pili alikuwa katibu, Henry Oldenburg, mzaliwa wa Bremen, Ujerumani. Kazi yake ilikuwa barua. Aliandikiana na wasomi wa Ulaya nzima, akatafsiri, akanakili, akapatanisha waliogombana. Barua zilikuwa nyingi kiasi kwamba nyingine zilitumwa kwa jina la bandia, Bwana Grubendol. Panga upya herufi zake utapata Oldenburg. Mwaka 1667, Uingereza ikiwa vitani na Uholanzi, barua zote hizo za ng'ambo zikamtia mashakani, akafungwa katika Mnara wa London kwa takriban miezi miwili. Malipo yake kutoka chamani wakati huo? Hakuna. Mshahara wa paundi 40 kwa mwaka alianza kuupata mwaka 1669, baada ya miaka kadhaa ya utumishi.

Katikati ya hayo ndipo alipoanzisha jarida. Toleo la kwanza la Philosophical Transactions lilitoka tarehe 6 Machi 1665, na lingali linatoka mpaka leo. Watu hulitaja kama fahari ya Royal Society, lakini mwanzoni lilikuwa mradi wa Oldenburg binafsi. Yeye ndiye mhariri, yeye ndiye mwenye hasara, na alitumaini litamsaidia kulipa kodi ya nyumba. Halikumtajirisha. Alipofariki Septemba 1677 likayumba, na baada ya muda likasimama. Hooke akajaribu kulijaza pengo kwa jarida la jina lingine, na Transactions lenyewe likarudi mwaka 1683.

Hapo simama kidogo, ndugu msomaji. Majarida yetu mangapi ya fasihi yamekufa namna hii? Waandishi hawakuisha, wala wasomaji. Alichoka mtu mmoja, au alihama, au alipata mtoto, au alikufa, na neno la siri la barua pepe akaenda nalo.

Sasa turudi kwenye samaki. Kufikia miaka ya 1680 chama kilikuwa na wanachama wengi kwenye orodha na wachache kwenye daftari la ada. Mabwana wakubwa walipenda kuitwa wanachama. Shilingi ya kila wiki waliisahau. Pamoja na hayo, chama kikaamua kuchapisha De Historia Piscium, kazi aliyoianza Francis Willughby na kukamilishwa na rafiki yake John Ray baada ya Willughby kufariki. Kitabu kilitoka mwaka 1686, chenye michoro ya samaki iliyochongwa kwenye bamba za shaba. Wanachama walichangia gharama za michoro, na aliyetoa nyingi zaidi alikuwa rais wa chama, Samuel Pepys, ambaye sisi wapenzi wa fasihi tunamjua kwa shajara yake. Kitabu kilikuwa kizuri, ila wanunuzi hawakutokea, na kasha la chama likabaki tupu.

Ni katika mwaka huohuo Newton alipoleta muswada wake. Chama kikapitisha kwamba uchapishwe. Muda mfupi baadaye kikafafanua: Bwana Halley asimamie kazi hiyo, kwa gharama zake. Halley akakubali. Alisahihisha karatasi za uchapaji, akahangaika na wachapaji, na Hooke alipodai kwamba wazo muhimu kuhusu nguvu ya uvutano lilitoka kwake, Newton akakasirika akataka kuiondoa sehemu nzima ya tatu ya kitabu. Ni barua za Halley, za upole na uvumilivu, zilizomtuliza. Ukifungua Principia leo, kwenye ukurasa wa kwanza utaliona jina la Pepys, kwa sababu yeye ndiye aliyetoa kibali kama rais. Kiongozi wa heshima jina lake likakaa juu ya kazi iliyolipiwa na karani.

Lakini kinachoniuma zaidi si hela. Halley alikuwa mwanachama kamili tangu 1678, akiwa na umri wa miaka 22, baada ya kwenda kisiwa cha St Helena kupima nyota za kusini. Alipochaguliwa kuwa karani mwaka 1686, ilimbidi aache uanachama. Kanuni ilisema karani hawezi kuwa mmoja wao, maana karani analipwa, na anayelipwa ni mtumishi. Kanuni hizo zilitaka pia asiwe na mke wala watoto na aishi palepale chuoni. Halley alikuwa na familia, kwa hiyo hapo wakamlegezea. Kwenye uanachama hawakulegeza.

Hili ndilo fundo lenyewe. Chama kilihitaji mtu wa kukaa ofisini kila siku, kikamwajiri, kisha kikamshusha cheo kwa sababu kimemwajiri. Heshima ilibaki kwa anayefanya kwa raha zake. Anayefanya kwa mshahara akahesabiwa pamoja na viti na meza. Wazo hilo halikufa na karne ya 17. Lingali hai kila unapomsikia mtu akisema "yule analipwa bwana", kana kwamba kulipwa kunaifuta akili.

Haya, upande wa pili nao uwe wa haki. Kuajiri kuna hatari zake. Mwaka 1763 chama kilimpata karani mwingine msomi, Emanuel Mendes da Costa, mtaalamu wa makombe na visukuku. Wakati huo mwanachama angeweza kulipa ada kila mwaka, au kutoa fungu moja kubwa akawa amemaliza maisha. Da Costa alipokea mafungu makubwa, akawaandika wenyewe kama walipaji wa kila mwaka, na salio akalitia mfukoni. Ilipogundulika, Desemba 1767, akafukuzwa, akaishia gerezani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila lilikuwa na msomaji mmoja tu.

Mtu anaweza kusema: unaona? Ndiyo maana tujitolee. Mimi nasoma kinyume. Da Costa aliweza kuiba kwa sababu chama kilikuwa na mfanyakazi bila kuwa na uongozi. Mabwana walimwachia kazi zote zinazochosha, kisha hawakumkagua, kwa sababu kukagua nako kunachosha. Mshahara peke yake haujengi taasisi. Taasisi inajengwa na mshahara pamoja na mkaguzi, muda wa kazi unaojulikana, na mtu wa kumwajibisha.

Mabadiliko yalikuja polepole, kama maji ya kujaa. Mwaka 1752 chama kililichukua rasmi jarida la Transactions, kikaweka kamati ya kuchagua makala, na gharama zikawa za chama badala ya katibu. Halafu likaja kundi la miaka ya Sir Joseph Banks, rais kuanzia 1778 hadi 1820. Huyu alikuwa tajiri aliyesafiri na Kapteni Cook, na mambo mengi ya sayansi ya Uingereza yalipitia nyumbani kwake, Soho Square. Alijitolea kwelikweli. Lakini taasisi inayoegemea sebule ya mtu mmoja ni taasisi ya mtu huyo, na wasiopenda maamuzi yake hawakuwa na pa kukata rufaa.

Mwaka 1830 mambo yakalipuka. Mtaalamu wa hesabu Charles Babbage alitoa kitabu kikali kuhusu kudorora kwa sayansi nchini Uingereza, akiwashambulia viongozi wa chama waziwazi. Mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi wa rais: upande mmoja John Herschel, mnajimu hodari, upande wa pili Mtawala wa Sussex, ndugu wa mfalme. Mtawala akashinda kwa kura 119 dhidi ya 111. Mwaka uliofuata baadhi ya waliochoka wakakusanyika mji wa York na kuanzisha jumuiya mpya ya kuendeleza sayansi, ambayo haikukawia kumwajiri John Phillips, mtunza makumbusho wa mji huo, kama katibu msaidizi.

Royal Society nayo ikaamka. Tangu 1843 ilikuwa na katibu msaidizi wa kulipwa, Charles Richard Weld, na mwaka 1847 ikabadilisha kanuni: wanachama wapya wasizidi 15 kwa mwaka, nao wachaguliwe kwa kazi yao ya kisayansi. Yaani kigezo kikawa kazi, badala ya kwamba fulani ni mtoto wa fulani. Mwaka 1848 Weld akachapisha historia ya chama katika majuzuu mawili. Napenda hilo. Zaidi ya miaka 160 baada ya Halley kulipwa samaki, mwajiriwa ndiye aliyekaa chini akawaandikia mabwana historia yao.

Usidhani haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1909, Nairobi, kundi la Wazungu wapenzi wa ndege, wadudu na mimea walianzisha chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, wakaanza na jarida na jumba dogo la makumbusho. Mbegu hiyo ikaja kuwa Makumbusho ya Coryndon, na leo ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Louis Leakey mwenyewe alianza usimamizi wake pale mwaka 1941 kwa heshima tu, bila mshahara. Ilikuwa mpaka 1945 ndipo akapewa malipo, nayo madogo. Chama chenyewe kipo bado, kinajulikana kama Nature Kenya, na kina ofisi na waajiriwa.

Na hapa kwetu fundo la Halley lilikazwa zaidi. Mwafrika hakualikwa kujitolea. Yeye aliajiriwa kuchimba. Kamoya Kimeu alianza mwaka 1960 kama kibarua wa akina Leakey kule Olduvai. Mwaka 1984 ni jicho lake lililouona mfupa wa kwanza wa yule mtoto wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale iliyokamilika kuliko mingi iliyowahi kupatikana. Kwa miaka mingi aliitwa mtafutaji hodari, huku neno mwanasayansi wakiachiwa wengine. Shahada ya heshima ya udaktari aliipata 2021, mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Basi nikisikia wadau wakibishana kama chama chetu, au jarida letu, au tamasha letu la vitabu liajiri mtu, huwa naona swali limewekwa vibaya. Tunauliza kama hela zitaua moyo. Tungeuliza kwanza moyo huo sasa hivi unamgharimu nani. Ukilifuata swali hilo utamkuta mtu: mara nyingi mdogo kuliko wote, mara nyingi mwanamke, anayehariri usiku baada ya kazi na kununua bando kwa hela yake, na ambaye siku ya uzinduzi atakuwa mlangoni akigawa beji wakati wenye majina wanapiga picha.

Kuna kinachopotea vyama vinapokua, sikatai. Wanachama hugeuka watazamaji. Mkutano uliokuwa mabishano hugeuka ripoti. Mkurugenzi huanza kuongea lugha ya wafadhili. Dawa yake ni wanachama kuendelea kushika kile ambacho hakiwezi kuajiriwa: kusoma, kubisha, kuchagua, kukagua mahesabu. Barua, risiti na tarehe za jarida apewe mtu, alipwe, tena akae mezani na sisi akiwa mwanachama na kura yake.

Halley hatimaye alirudi ndani. Mwaka 1713 akawa katibu wa chama kilekile, na mwaka 1720 mnajimu mkuu wa mfalme. Wengi wa aina yake hawarudi. Hebu chungulia chama chako, chochote kile: nani anashika daftari, na tunamlipa nini? Kama jibu ni "shukrani", basi hao bado ni samaki.